Matofali Aliyoyapanga Baba Kama Mbao

Mvua ikinyesha Elburgon, harufu ya kwanza kuinuka si ya udongo, ni ya vumbi la mbao. Hulowa kwenye marundo nyuma ya viwanda, huanza kuchacha, na harufu yake tamu na kali huingia ndani hata ukifunga mlango. Nyumba yetu ilikuwa ya mabanzi, yale makapi ya gogo yenye gome upande mmoja ambayo kiwanda hakikuyahitaji, kwa hiyo kufunga mlango kulikuwa mazoea tu. Upepo wa msitu wa Mau ulipita kati ya banzi na banzi. Mama aliziba nyufa kwa magazeti na katoni, na kila Julai unyevu uliyalegeza yakaanguka. Mama alikuwa na kifua. Alikohoa akiwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, na daktari wa zahanati alikuwa amemwambia baba wazi kwamba mama hataweza kuendelea kuishi kwenye baridi ile.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja watu wa mradi mmoja wa kuhifadhi misitu walipotuletea sinema. Walikuwa vijana watatu wenye pikapu, jenereta na shuka kubwa nyeupe. Kila Jumamosi jioni, kwa miezi kama mitatu, waliitundika shuka hiyo ndani ya stoo ya kiwanda na kuziba madirisha kwa magunia ili waanze kabla giza halijaingia. Tuliketi juu ya mbao. Sisi watoto tulitarajia kareti. Tukaonyeshwa jiko lisilo na moshi, miche, matangi ya kuvuna maji ya paa, na watu wa nchi ya mbali wakijenga kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Kijana mwenye maikrofoni alieleza kwamba misitu ikiendelea kukatwa mvua zitavurugika, na kwamba tofali kama lile halihitaji mbao wala kuni za kulichoma. Aliyasema hayo mbele ya watu waliolishwa na msumeno, na hakuna aliyemzomea, labda kwa sababu tulitaka kuona filamu inayofuata. Habari za mvua hazikumshughulisha baba. Alichokisikia yeye ni kwamba ukuta wa namna ile ni mnene na haupitishi upepo.

Mradi uliacha mashine moja mtaani, kila nyumba iitumie wiki moja kwa zamu, na majirani waje kusaidia. Zamu yetu ilifika Machi, mvua za masika zikiwa bado. Watu walichimba, wakachekecha, wakaning'inia kwenye mkono wa mashine wawili wawili huku wakitaniana, na kufikia Jumamosi matofali ya nyumba nzima yalikuwa uani. Hapo ndipo baba alipoishika kazi mwenyewe. Kiwandani kazi yake ilikuwa kupanga mbao mbichi zikauke, na alisifika kwamba ubao aliopanga yeye haukupinda. Aliyapanga matofali vilevile: safu, halafu vijiti vyembamba juu yake, halafu safu nyingine, huku akiacha nafasi sawasawa ili upepo na jua vipite kila upande. Lilikuwa rundo zuri. Majirani walisimama wakalitazama.

"Baba Nekesa, haya ni matofali ama ni mbao ya gredi ya kwanza?" Mama Chebet aliuliza. Huyu alikuwa jirani yetu aliyetoka Olenguruone, na zamu yake ilifuata yetu.

"Baba," nikasema, "kwa sinema walikuwa wanayamwagia maji."

"Walikuwa wanaosha vumbi. Wewe umewahi kuona mtu akikausha kitu kwa maji?"

"Mwache, Baba Nekesa! Huyu ndiye injinia wetu," Mama Chebet akasema, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sikuwa na hakika, na hata ningekuwa nayo, nisingebishana na mtu ambaye kiwanda kizima kilimsikiliza katika mambo ya kukausha.

Wiki moja baadaye filamu ilirudiwa, kwa kuwa walikuwa nazo chache. Mara ya kwanza, ilipofika mahali wanawake wamepanda ukutani wakiwa wamevaa suruali, stoo ilikuwa imelipuka kwa kelele na vicheko, na maneno ya maikrofoni yakapotea. Safari hii watu walikuwa wameyazoea. "Hapo wanayamwagia maji asubuhi na jioni," kijana alisema, "na kuyafunika kwa karatasi ya nailoni wiki nzima na zaidi. Yakikauka haraka hayashiki." Baba hakugeuka kunitazama. Tulipofika nyumbani alichukua mitungi ya maji na kuimwaga yote juu ya rundo, na matofali yakayanywa maji kama mchanga. Akalikwangua moja kwa ukucha wa kidole gumba. Pembe ikamomonyoka. "Usimwambie mama yako," akasema. Sikumwambia. Mashine ilikuwa imeshahamia kwa Mama Chebet, ambaye naye alikuwa stooni jioni ile, na kesho yake matofali yake yote yalikuwa chini ya nailoni.

Baba alijenga hivyo hivyo. Labda alitumaini mvua zingechelewa, labda alishindwa tu kuutazama uso wa mama na kusema. Tulihamia Aprili. Mwanzoni mwa wiki ya nne, baada ya siku tano za mvua ya upepo iliyopiga kuta kwa pembeni, tukiwa kwenye chai ya asubuhi, ukuta wa upande wa msitu ulikaa chini polepole kama mtu aliyechoka. Hakuna aliyeumia. Mama aliweka kikombe chini, akatazama msitu kupitia pale palipokuwa ukuta, kisha akaanza kukusanya nguo. Jumamosi hiyo alikwenda kwa mama yake Bungoma, kwenye joto, apumzike mpaka baridi ipite. Hakurudi kuishi Elburgon tena. Baba, mpaka alipofariki, alimfuata kila Krismasi, na mimi nikalelewa njiani, muhula huku, likizo kule. Nadhani ndiyo sababu sijawahi kutulia. Nimekaa Molo, Naivasha, Kericho, sasa Nakuru, na sijawahi kujenga hata choo.

Nyumba ya Mama Chebet bado imesimama. Niliiona mwaka jana, imepakwa rangi mpya. Na sinema zimerudi. Mwezi uliopita niliingia katika ukumbi mmoja hapa Nakuru, kuna viti vya plastiki, projekta isiyo na kelele, chai na mandazi. Siku hizi husemwa tabianchi, na filamu ya matofali kama yale imetafsiriwa vizuri, hakuna neno linalokupita. Kijana nyuma yangu alimwambia mwenzake, "Nyumba iko fiti, lakini utaijenga wapi, boss? Kwa veranda ya landilodi?" Nilicheka nao. Stoo yetu ilijaa watu wenye kiwanja na mikono, waliokosa sekunde chache za kusikia. Sisi tulisikia kila kitu, tukamaliza chai, tukarudi katika vyumba vya kupanga.

Nilimpigia mama simu nikiwa bado mlangoni pa ukumbi. Nilimweleza filamu, nikamweleza pia, kwa mara ya kwanza, habari ya maji na kwamba baba na mimi tulijua matofali hayakushika.

"Nilijua," akasema. "Niliona alivyoyamwagia maji usiku ule."

"Mbona ukahamia?"

"Nilitaka kukaa ndani ya nyumba aliyonijengea. Na zile wiki tatu, Nekesa, sikukohoa."