Maji ya Kijana wa Ng'ambo

Mtu akinywa maji mbele yako, ukaliona koo lake likipanda na kushuka, chupa inabakije imejaa? Nimesoma chuo kikuu, mizimu siiamini, na ukinisimulia jambo nitakudai ushahidi. Hili nililiona mwenyewe, saa tisa mchana, jua likiwaka.

Koo mbili za kwetu Tarime zilikuwa zinapigana siku ya tatu. Ilianza kwa ng'ombe walioibwa, nyumba zikachomwa, mishale ikafuata. Mdogo wangu Mwita, miaka kumi na tisa, aliondoka alfajiri na rika lake. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Kwetu mwanamke hapigwi mshale vitani, hata na adui; kwa hiyo wanaokwenda kutafuta majeruhi na maiti ni sisi.

"Msomi, unakwenda kufanya utafiti?" vijana wa kwetu wenye pinde walinipigia kelele nikivuka mto. "Kalamu umebeba?"

Nilibeba chupa ya maji. Jirani yetu, Mama Gati, alinifuata nyuma kwa miguu yake mibovu.

Ng'ambo nilimruka mtu aliyepasuliwa kichwa kwa panga. Mbele kidogo, kijana alikuwa ameegemea kichuguu, mshale umezama tumboni hadi kwenye manyoya. Kitambaa alichofunga mkononi kilikuwa cha ukoo wa adui.

"Dada, maji."

Nikampa. Alikunywa kwa pupa, kila funda nalisikia. Akafuta mdomo. "Mdogo wako yuko kwenye mkonge ule. Mwambie nimeshakunywa."

"Unamjuaje?"

Akanyoosha kidole kwenye mkonge. Nikamwachia chupa, nikakimbia.

Mwita alikuwa hai, kifudifudi katikati ya mkonge, paja limechanwa. Nilipompa ule ujumbe alipiga ukelele, na niamini, haukuwa wa maumivu ya paja.

Mama Gati alipofika tulimfunga jeraha, tukamburuta kupitia pale kichuguuni. Yule kijana alikuwa mkavu kama gogo, sisimizi wakiingia na kutoka puani. Nikasema ndiye niliyempa maji. Mama Gati akamgusa shavu.

"Huyu amekufa tangu asubuhi, mwanangu. Maji ulimpa nani?"

Chupa ilikuwa mapajani mwa maiti, imejaa hadi shingoni.

Utasema ni jua, ni hofu. Nami nilijiambia hivyo hivyo. Lakini tangu siku ile Mwita anaweza kumaliza ndoo ya maji na kiu isimtoke. Nilidhani ni kisukari. Amepimwa mara tatu, hana. Kila asubuhi anaamka midomo imepasuka, inatoka damu.

Wewe mura, kijana wa kwetu, unayesoma hapa, rika lako likikuita, baki nyumbani. Ukishindwa kubaki, basi adui aliyeanguka akikuomba maji, mpe.

Mwita alikaa miaka sita ndipo akanieleza. Aliyempiga mshale yule kijana ni yeye. Kijana alipoanguka aliomba maji. Mwita alikuwa nayo. Akafungua chupa, akachuchumaa mbele yake, akayamwaga chini polepole, mpaka tone la mwisho.