Mshale Unaoshuka Kila Asubuhi

Saa tatu asubuhi Abigael Cherono amepiga magoti katika chumba cha chini cha nyumba moja ya Thornhill, kaskazini mwa Toronto. Anaitazama boila inayopasha nyumba joto kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na mgeni asiyemjua.

Mshale wa presha uko kwenye tano. Boila ikiwa baridi, unatakiwa usome kumi na mbili. Hii ni mara ya tatu wiki hii.

"Nimechanganyikiwa, sitakuficha," anasema. Mwandishi naye anaitikia kwa kichwa, haelewi kitu.

Nje ni nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Ghorofani ni kumi na nne tu. Huko amelala Mzee Feroz, aliyetoka hospitali juzi na nimonia. Boila isipotengemaa leo, binti yake atamhamishia kwake, na mzee amekataa katakata kuondoka.

Abigael, 36, fundi wa boila na mkazi wa Flemingdon Park, alihudumia boila ya kuni ya kiwanda cha chai Kericho kwa miaka sita. Kule presha ikishuka unaongeza kuni. Mazoea yana taabu: Jumatatu alipandisha moto, mshale ukapanda, akaondoka akijipongeza. Boila ilipopoa, ukashuka tena.

"Hapa hakuna mvuke, ni maji yanazunguka kwenye mabomba," anasema. "Darasani nilijua. Mkono ndio ulikuwa bado Kericho."

Jumatano akafungua koki ya kuongezea maji, mshale ukafika kumi na mbili, akaiacha wazi. Leo ameikuta koki imefungwa.

Mwenye nyumba, Bi Kanizfatema, mke wa mzee, anateremka na chai na kukiri bila wasiwasi kuwa ndiye aliyeifunga. Alikulia Upanga, Dar es Salaam, enzi za mgao wa maji, na mpaka leo halali kabla ya kuzungukia koki zote.

"Mwanangu, koki ikibaki wazi mimi sipati usingizi," anasema.

Abigael anacheka, akidhani kapata mchawi wake. Kisha anautazama tena mshale. Kufunga koki hakupunguzi maji. Presha ikishuka hali koki imefungwa, basi maji yanatoka mahali. Ingebaki wazi, maji mapya yangeingia kimyakimya na kutia chuma kutu, na nani angejua?

Anazunguka vyumbani akipapasa mazulia. Chumba cha wageni, nyuma ya masanduku, zulia limelowa. Nati ya rejeta, kile chuma cha ukutani kinachopasha chumba joto, inavuja tone moja moja.

Anaikaza, anajaza maji hadi kumi na mbili, anafunga koki mwenyewe. Nusu saa nzima anaukodolea macho mshale. Hausogei. Ndipo anawasha boila.

Mzee Feroz anatuma kuuliza kama avue koti. Abigael hana hakika. Anamwomba asubiri hadi adhuhuri. Adhuhuri mzee amelivua, lakini fundi bado anaahidi kupiga simu kesho kuuliza mshale unasoma ngapi.

Mwezi Mei atafanya mtihani wa leseni ya daraja la juu. Anauogopa, na anausubiri.

"Wakiniuliza presha ikishuka nifanye nini, sitaanza na kuongeza kitu," anasema. "Nitaandika: kwanza tafuta maji yamekwenda wapi."