Ndoo Yangu ya Nyanya Kwenye Mnada wa Kanisa

Mimi ni mtu wa haya, nauzia abiria wa mabasi ndoo za nyanya barabarani hapa Ilula. Jumapili ya mavuno nilipeleka ndoo moja kanisani inadiwe. Mchungaji akanisimamisha mbele, akanishikisha kipaza sauti. "Huyu ndiye tunayetaka atuuzie nyanya za shamba la kanisa. Mwaminifu!" Watu wakapiga makofi.

Mama Mchungaji ndiye aliyeshinda mnada. Akaimimina ndoo kwenye beseni ili awagawie wajane. Zikatoka kwanza zile nzuri za juu, kisha mbichi, kisha zilizopondeka.

"Mwanangu, na hizi ni za Bwana?"

Sikukusudia jamani, mikono ilipanga ilivyozoea. Nikajibu, kipaza sauti bado ninacho, kanisa zima likinisikia: "Samahani mama, nilijisahau, nikazipanga kama za abiria."