Rola la Mwamvita Linasugua, Sisi Tunataka Lipige

Nyufa zile uliziona. Usikatae. Ulipanda kutoka mjini Lushoto kwenda Gare, ukaona kuta za nyumba zilizo chini ya barabara zimechanika kutoka dirishani hadi msingini, ukajisemea, "Udongo wa milimani ndivyo ulivyo," kisha ukageuzia macho yako kwenye maua ya viazi. Udongo hauna mdomo wa kujitetea. Basi leo kaa hapo, umsome mwanamke ambaye hakugeuza macho.

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umeliziba bonde la Kwemkole, na Mwamvita Shekalaghe amelala chali chini ya rola lake. Kinachoonekana ni raba mbili za njano tu. Nyundo inalia. Anatoka, anachota grisi, anarudi chini, anatoka tena. Chai aliyoletewa imeshafanya utando juu.

"Kunywa chai, mwanangu," anasema shangazi yake, Shamsa, kutoka mlangoni.

"Shikamoo, shangazi. Nakunywa sasa hivi."

"Marahaba. Shikamoo ya pili hiyo. Ya kwanza ulinipa ukiwa chini ya chuma. Akili yako iko wapi leo?"

Akili iko Jumatatu. Siku hiyo mkandarasi analeta rola lake kubwa la mtetemo kushindilia kipande cha barabara kinachopita juu kabisa ya paa la Shamsa. Ukuta wa chumba anacholala bibi huyu una ufa unaopitisha kiganja. Kinachofuata Mwamvita anakijua, kwani kwa miaka mingi aliendesha rola la namna hiyo hiyo, huku milimani na kule chini Muheza.

"Ukikaa kwenye kile kiti, meno yanagongana," anasema. "Sasa fikiria ukuta wa udongo. Wenyewe utashika nini?"

Rola la mtetemo hupiga. Ngoma yake, yaani lile gurudumu pana la chuma, huruka na kushuka haraka haraka, na kila pigo husafiri ndani ya ardhi. Uwandani hakuna ubaya. Lakini hapa nyumba moja imesimama begani mwa nyingine, na pigo halijui barabara inaishia wapi.

Wenye kumbukumbu hawajasahau. Barabara ya bonde la chini ilipopanuliwa, watu walioamka na kuta zao chini waliambiwa ni mvua. Mvua! Ilikuwa kiangazi, akina mama wanagombea zamu kwenye mfereji. Nani aliulizwa? Hakuna. Familia zikahamia kwa ndugu, na wazee wengine wakafia huko huko, kwenye majiko ya watu.

Mwamvita hakusomea uhandisi. Tangu aache kazi kwa mkandarasi anachomelea mageti na madirisha karibu na soko la Lushoto, na mpaka leo mageti hayo ndiyo yanayomlisha na kumnunulia vyuma vya rola hili alilolibuni mwenyewe. Wazo lenyewe alilipata miguuni. Watu wa huku wakikandika nyumba, udongo haupigwi. Unakanyagwa peku, na anayejua kukanyaga harukiruki. Anasokota kisigino mbele na nyuma, mguu haunyanyuki, mpaka udongo ushikane.

"Tulikuwa tunakanyaga udongo wa jiko la shangazi," anakumbuka. "Kila anayeruka anafukuzwa: toka wewe, unaturushia tope! Nikasema, kumbe tunajua. Sasa barabara tunaipigia nini?"

Ndani ya ngoma aliyoibuni kuna shafti mbili zinazozunguka, kila moja imebeba kipande cha chuma kilichoelemea upande. Vipande vikizunguka vimeelekea upande mmoja, ngoma inaruka: inapiga. Vikielekea pande zinazopingana, kuruka kunakufa. Ngoma inabaki imeng'ang'ania ardhi, inajisokota mbele na nyuma kama kile kisigino: inasugua. Ugumu wote ulikuwa kwenye kubadilisha. Sasa akivuta liva moja, shafti zinageuza mzunguko, na kipande kimoja kinaangukia upande wa pili chenyewe na kujikwamisha hapo.

Anaulizwa kwa nini asitengeneze la kusugua tu.

"Kifusi kinene kinataka kipigo," anajibu upesi, amechoka na swali hilo. "Kusugua hakufiki chini sana. Mbali na nyumba, piga. Ukifika kwa watu, sugua. Hata wewe ukifika mlangoni kwa mtu unapunguza sauti, au huna adabu?"

Ufa wa Shamsa nao una habari yake, na si ya mkandarasi. Ni ya wanakijiji wenyewe. Siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, walikubaliana kulijaribu rola la Mwamvita juu ya nyumba hiyo. Watu wakajaa na majembe yao. Akaweka liva kwenye kusugua. Rola likaenda polepole, limetulia kama ng'ombe anayelamba ndama. Vikombe kabatini mwa Shamsa havikulia hata kimoja.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwemkole, barabara haijashindiliwa mpaka vikombe vilie. Ndivyo walivyozoeshwa.

"Limelala hilo!" mmoja akapaza sauti.

"Mwamvita, umetuletea rola au kifimbo cha chapati?"

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Yusufu, akainua bakora. "Mama, lipige! Watu wameacha mashamba yao."

Akakataa. Wakamzomea. Akakataa tena. Mzee alipomuuliza kama anawadharau wakubwa zake, mkono ukaenda kwenye liva. Rola likaruka, vikombe vikalia, vigelegele vikapanda. Na katikati ya vigelegele ukuta ukachanika kutoka kona ya dirisha kwenda chini.

"Asilaumiwe yeye," anasema Shamsa. "Ukuta ule tuliupasua sisi. Mimi mwenyewe nilipiga kigelegele."

Mzee Yusufu hana tena bakora ya kuinua. "Tulidhani kelele ndiyo kazi," anasema, macho chini. "Alituambia. Tukaziba masikio."

Mhandisi anayesimamia kipande hicho cha barabara, Kristian, si mtu mbaya. Alifika, akaweka kiganja ukutani, rola likapigishwa mbali kidogo, kisha likasugulishwa. "Tofauti nimeisikia mkononi," anasema. "Lakini siwezi kupokea barabara kwa kiganja. Lazima udongo uliosuguliwa upimwe, tujue umeshikana. Kipimo kiko Tanga. Nimekiomba, sijajibiwa."

"Na rola kubwa, linasubiri kipimo?" anadakia Mwamvita.

"Lile limeshaidhinishwa."

Limeidhinishwa! Limeidhinishwa kwa ajili ya tambarare, linaletwa begani mwa mlima, na aliyeidhinisha hajawahi kulala chini ya barabara.

Jana beringi moja ilipata moto. Leo ameibadilisha, hajaridhika, anaifungua tena. Anazunguka rola, anapanda barabarani, anashuka. Ukimwambia akae anakuangalia kama umemtukana.

"Nikikaa naisikia Jumatatu inatembea," anasema.

Mpango wake ni mmoja. Anataka kusugua kipande hicho kabla mkandarasi hajafika, kipimo kiletwe, na udongo upimwe mbele ya watu wote. "Likishindwa, nitalikatakata mwenyewe nichomelee mageti," anasema. "Lakini lishindwe kwa kipimo. Lisishindwe kwa sababu halina kelele."

Shamsa ameshaombwa ahamie kwa jirani. Amekataa. "Nyumba hii nimeikanyagia udongo wake kwa miguu yangu," anasema. "Wakitaka kupita juu, wapite nikiwa ndani."

Sasa ni zamu yako. Kama unafanya kazi kwenye ofisi inayokaa na kipimo hicho, kitoe leo, usingoje kikao. Kama una gari, lipeleke Tanga likakilete. Kama unakaa Kwemkole au Gare, Jumatatu acha jembe, panda ukasimame barabarani juu ya paa la Shamsa, na rola kubwa lisipite mpaka udongo uwe umepimwa. Yule bibi hatoki, amekwisha kusema. Inuka, wewe.