Milingoti Niliyoipanda Chemchemini

Mwanangu, mtu aliyeanza na baiskeli ya kukodi, akibeba mahindi ya wenzake kutoka Itaka hadi Tunduma, akaishia na lori lake mwenyewe, hashangazwi na kitu. Ndivyo nilivyokuwa nikisema. Niliishia darasa la nne, lakini wenye vyeti walikuwa wanakuja kwangu kuomba kazi. Uliza mtu yeyote hapa. Basi nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa kahawa, nilipofungua bomba la kuoshea kahawa yangu, linaloleta maji kutoka chemchemi ya kijiji, likatoa hewa tupu. Siku hiyo nilishangaa.

Ilianza hivi. Miaka ile ya tisini biashara ilikuwa imefunguliwa, Wazambia wanakuja kununua, sisi tunavuka mpaka kuuza, na Tunduma inajengwa kila kona. Ghorofa linataka mirunda, zile nguzo za miti za kushikilia zege, na mirunda inatoka kwenye milingoti, ambayo wengine huiita mikaratusi. Nikawaza: pale juu ya chemchemi kuna shamba la ukoo, limejaa mikuyu mizee isiyoniingizia hata senti. Wazee wetu hawakuigusa miti ile. Kuni waliokota zilizodondoka tu. Mimi niliuona huo ni woga wa watu wasiojua biashara. Nikaiangusha yote, nikajaza milingoti.

Aliyenikemea ni shangazi yangu Eliza, dada mkubwa wa baba, ambaye nyumba yake iko bondeni chini ya chemchemi. Alipanda kilima na fimbo yake.

"Baba," akaniambia, maana nimerithi jina la baba yake, "hii uliyopanda ni miti au ni pampu ya kunyonya maji?"

"Shangazi, hii ni hela. Wewe Tunduma umefika lini?"

"Sijafika. Kwani huko wanakunywa mirunda?"

Vibarua wangu wakacheka. Nami nikacheka, nikampa kilo mbili za sukari. Sukari aliichukua, maneno yake hakuyarudisha.

Kila mwaka maji yakapungua, nami kila mwaka nikailaumu mvua. Hadi asubuhi ile. Nyuma yangu kuna lundo la kahawa mbivu, na kahawa ikishachumwa inatakiwa imenywe maganda na kuoshwa siku ileile, vinginevyo inachacha na kunuka. Nikapanda hadi chemchemini, nikakuta tope lenye nyayo za ng'ombe. Pembeni kinamama walikuwa wamechuchumaa na ndoo zao, wakichota kwa kikombe, shangazi akiwa katikati yao. Nikawasalimu. Hakuna aliyeitikia. Mwanangu, omba yasikupate hayo. Kahawa yote niliitupa.

Na bado niliona uchungu kuikata milingoti! Fundi mmoja wa Tunduma alishaniambia nivumilie miaka miwili ikomae, ataibeba yote kwa bei nzuri. Nikaenda kwa shangazi nikidhani atanihurumia.

"Mikuyu uliikata kwa siku ngapi?" akauliza.

"Tatu."

"Basi na hiyo ikate kwa siku tatu. Na visiki ung'oe, maana huo mti wako ukikatwa unachipua kwa hasira."

Nikaiuza ikiwa michanga, kwa bei ya kutupa, kuni za kuchomea matofali. Visiki vikang'olewa kimoja kimoja. Nikachomeka vipande vya mkuyu kuzunguka tope lile, nikasubiri. Mvua za mwaka wa kwanza zikapita, kiangazi kikarudi, tope likabaki tope. Niliacha kupita njia ile kwa aibu. Mwaka wa pili, katikati ya kiangazi, shangazi akanitumia ujumbe wa maneno matatu: "Njoo na kikombe."

Nilipanda mbio hadi chemchemini, mtu mzima mimi na kitambi changu. Maji yalikuwa yanatoka, membamba kama kidole, lakini yanatoka! Nikanywa kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Taratibu, baba," shangazi akasema, "wengine nao wana kiu." Kinamama wakaangua kicheko, na mmoja wao akasema shikamoo. Nilijisikia kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi mgongoni.

Siku hizi mnaitwa kwenye semina mkaambiwe maendeleo endelevu, nanyi mnapiga makofi kwa sababu kuna soda. Mimi nakueleza bila soda. Kabla hujaanzisha mradi, shuka kwanza bondeni umwone anayekunywa chini yako. Sikukatazi kutafuta mali, wala milingoti siichukii. Ninayo hadi leo, kule juu kwenye mwinuko mkavu wa mawe, na mirunda yangu inauzika kuliko ya yeyote Mbozi nzima. Lakini hela unayoipata kwa kukausha kitu kinachokulisha wewe na jirani yako usiiite faida. Hapo umekula mbegu, na wajukuu wako watalima nini?

Mungu akupe mali ambayo jirani yako ataifurahia pamoja nawe, na maji ya kwenu yakukute na yakuache yakitiririka. Somo hili nimekupa bure. Mimi, ukijumlisha kahawa niliyotupa, mirunda iliyogeuka kuni, na vibarua wa visiki, lilinigharimu shilingi milioni moja, laki mbili, elfu arobaini na tatu na mia tano.