Mabega ya Kilimora

Mwatime hajui mpira. Kuotea ni nini, ameelezwa na mumewe, ameelezwa na bintiye Yumna, na mpaka leo akimwona mshika kibendera amekinyanyua hudhani anamsalimia mtu. Lakini historia ya klabu ya Kilimora anayo yeye, wala si hao wanaume wanaokimbia kila Jumapili mpaka ndimi zikawatoka. Ukipita Mesquite uliza nyumba ya mama wa Kimombasa anayefua jezi. Utaoneshwa.

Jina lenyewe hasa ni Kilmorra, mji mdogo huko Ireland, ila Waswahili wa Dallas walililainisha likae vizuri mdomoni, na sasa asiyejua hudhani ni kijiji cha Taita. Klabu ilianzishwa na wavunja mawe wa machimbo ya mji ule, zaidi ya miaka mia iliyopita. Maskini wa kutupwa. Mpira wao wa kwanza walishonewa na fundi viatu aliyewaonea imani. Siku moja mwamba ukamwangukia golikipa wao akafa palepale, na tajiri wa machimbo akakataa kutoa hata mkokoteni wa kumpeleka makaburini. Basi wenzake wakambeba begani, kutoka machimboni mpaka kaburini, wamevaa jezi kwa sababu hawakuwa na nguo nyingine ya heshima. Tangu siku hiyo ikawa ada: mtu wa Kilimora hapelekwi kaburini kwa gari wala kwa farasi. Hubebwa na wenzake, na jezi zao mwilini.

Klabu ile imefungwa mabao usiseme. Imeshuka daraja, imepanda, imeshuka tena. Jukwaa lake liliungua moto, na wakati wa vita vikuu walikosa hata mpira wa kuchezea. Lakini ada ile haikuwahi kukosa. Na vijana wa mji walipokosa kazi wakatawanyika duniani, wachache wakaja Texas kujenga nyumba, wakaanzisha Kilimora yao hapa Dallas. Klabu mama ikawapa baraka na sanduku la jezi za rangi ya damu ya mzee. Mmoja wao alikuwa fundi wa kupiga lipu, jina lake Fintan.

Mwatime alimkuta Mzee Fintan baada ya miaka mingi. Yeye mwenyewe alikuwa amemfuata mumewe, Shamsudin, aliyetangulia kuendesha malori, akapata kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, na huko bado yuko. Shamsudin alikuwa akipita tu uwanjani siku moja. Kilimora hawana golikipa, Fintan akamwona mtu mrefu mwenye mikono mipana, akamwita. Ndiyo ikawa tena! Siku hizo Waairishi walikuwa wameanza kupungua, huyu amerudi kwao, yule amehamia Boston, mwingine magoti yamekataa. Kila aliyeondoka nafasi yake ilijazwa na Mkenya, au Mkongo, au Msudani, hata ikafika pahala Mwairishi aliyebaki ni Fintan peke yake, kocha, kwenye kiti chake cha kukunja. Wapo waliotaka jina libadilishwe. Mzee hakugombana nao. Alisema tu kwamba anayeivaa jezi ndiye Kilimora, akaendelea kunywa chai yake.

Jezi zilikuwa zikifuliwa na mke wa Fintan. Alipofariki, akazikwa huko Sugar Land karibu na binti yao, mzee akazifua mwenyewe, akatia dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, zikatoka na mabaka kama mbwa koko. Mwatime aliziona mwilini mwa mumewe, akapandwa na hasira za mtu anayeijua kazi yake. Alikwenda kwa Fintan akalichukua kapu zima bila ya kuomba ruhusa. Toka siku hiyo kila Jumatatu anazichukua, kila Jumamosi anazirudisha zimepigwa pasi.

Sasa kurudisha ndiko kulikokuwa na mambo. Mzee alikuwa akimwekea kiti gerejini, yeye na chai yake nyeusi chungu, Mwatime na tangawizi yake kwenye chupa, na hadithi za Kilimora zikaanza: nani alimfunga nani, nani aliikosa penalti akahama mji kwa aibu, na yule golikipa wa machimboni, daima yule golikipa. Mwatime atatoka adhuhuri atarudi alasiri imepita. Shamsudin alikuwa akimtania kama amekwenda kurudisha jezi au kuzishona upya. Alicheka tu. Kusema kweli alimpenda yule mzee kama mtu anavyompenda baba, na hakuona haya kulisema.

Halafu mapafu ya Fintan yakachoka, vumbi la lipu la maisha mazima. Mwatime alimtembelea hospitali akiwa na jezi moja mkononi, amwoneshe kwamba kazi inaendelea. Mzee akamshika kifundo cha mkono. Pumzi ilikuwa ya kukokota, na alilosema lilikuwa moja tu.

"Mwatime, usikubali wanisukume kwa magurudumu."

"Utabebwa, inshallah," Mwatime alimjibu. "Nimekuahidi mimi."

Sikiliza basi alivyoharibu. Fintan alifariki Jumanne asubuhi, na Mwatime alipopata habari alifanya kama anavyofanya mtu yeyote wa kwao: alishika simu. Msiba umetokea, njooni. Hakuuliza maziko ni lini, kwani maziko huulizwa? Mtu akifa asubuhi, jioni amestirika, akichelewa sana ni kesho. Alijua kwamba Wazungu wa kazini kwake hungoja, lakini alidhani hungoja jamaa wa mbali, na Fintan alikuwa na mtoto mmoja tu, Noreen, daktari wa meno, hapo Sugar Land. Mwendo wa asubuhi moja kwa gari. Wamngojee nani?

Wanaume wakaja, Mungu awape kheri. Vital, Mkongo, nahodha wa timu, aligeuza lori lake Oklahoma. Omer, Msudani, alifunga duka. Wa maghala ya Mesquite wakaomba ruhusa, wengine wakawaambia mabosi wao kwamba wamefiwa na baba. Mchana sebule ya Mwatime ilikuwa imejaa, kila mtu amevaa jezi yake, mabega tayari, na majirani washapika. Hapo ndipo Noreen alipopokea simu ya Mwatime. Akasema baba yake atazikwa Alhamisi ya wiki ijayo, kando ya mama, ndivyo nafasi ilivyopatikana kanisani.

Mwatime aliketi sakafuni. Akawaambia wale wanaume. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, wangemgombeza angepumua. Walikula, wakamwombea mzee kila mtu kwa dini yake, wakaondoka. Ila wote walijua: bosi hampi mtu ruhusa ya msiba mmoja mara mbili.

Wiki nzima Mwatime alipiga simu, na majibu yakawa yaleyale, ya kweli na ya huzuni. "Auntie, nili-request off nikanyimwa." Aliyefunga duka juzi angeweza kufunga tena, ndiye Omer. Vital akabadilishana safari na mwenzake. Zaid, winga wa kushoto, yeye hujiajiri, anatengeneza viyoyozi. Pamoja na Shamsudin mwenye goti bovu wakawa wanne. Jeneza linataka sita. Lakini Aiman na Melkiori, waliohamia Houston baada ya kuichezea Kilimora miaka kadhaa, walikula kiapo kwamba watakuja makaburini. Basi Mwatime akatulia kidogo.

Alhamisi walishuka Sugar Land kwa gari moja. Mwatime alikwenda kukaa na mfiwa, si kuzika. Kwao wanawake hubaki nyumbani, jeneza likitoka wao wanalia ndani, na hakuwahi kuona vibaya. Alibeba kapu la jezi, zote zimepigwa pasi, akalitia nyuma. Lakini kufika huko, kumbe hakuna nyumba ya kukaa. Noreen alitoka kanisani moja kwa moja kwenda makaburini, na watu wake wachache, wazee watupu, wake kwa waume. Mwatime akasema yeye atangoja ndani ya gari.

Ndani ya gari aliona kila kitu kupitia kioo. Aliliona jeneza likishushwa langoni. Aliwaona wanaume wake wanne na jezi zao. Alimwona Shamsudin akipokea simu, akasikiliza, kichwa kikainama, naye akajua kabla ya kuambiwa: Aiman na Melkiori wamezuiliwa kazini. Halafu akamwona mtu wa shughuli za mazishi, kijana wa adabu kabisa aliyevaa suti, akisukuma toroli la magurudumu manne na kulisimamisha kando ya jeneza. Masharti ni masharti. Watu sita, au toroli.

Alikumbuka siku aliyofariki babake Mombasa, yeye yuko chumbani na mama zake wakubwa, na sauti za wanaume zikilisindikiza jeneza mtaani zikawa zinafifia, zinafifia, mpaka hazikusikika tena. Alitamani kutoka, shangazi akamshika bega akamkalisha. Hakumchukia shangazi, ndivyo ilivyokuwa. Lakini huyu wa leo alimwahidi kwa mdomo wake mwenyewe, aliyemwahidi si mumewe wala Vital.

Alifungua mlango. Akatoa jezi kapuni, akaivaa juu ya buibui, ikamfika magotini.

Shamsudin alimwona anakuja, akamwendea mbio kwa goti lake lile. Hakutaka kumwaibisha mbele za watu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Yumna, hii si kazi yenu."

"Najua. Aliyeahidi ni mimi."

"Watu watasema."

"Waseme nimembeba. Watakuwa wamesema kweli."

Shamsudin akageuka, wakarudi pamoja kwenye jeneza. Ni mtu mwema, tena anamjua mkewe, akianza kuongea polepole namna ile hakuna wa kumrudisha. Ila walikuwa watano sasa, na kijana wa suti alilishikilia toroli lake kwa huruma, akisema samahani na samahani.

Noreen alisogea kuuliza kuna nini. Mwanamke mrefu, macho makavu, mtu aliyekasirika na babake siku nyingi, na Mwatime alizijua sababu: Jumapili zote za utoto wake zilikwenda uwanjani. Mwatime akamweleza kwa Kiingereza chake cha kazini. Akamweleza machimbo, na mwamba, na tajiri aliyekataa kutoa mkokoteni, na wavunja mawe waliombeba mwenzao kwa sababu hawakuwa na la kumpa ila mabega. Akamweleza kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kusukumwa. Noreen alisikiliza yote. Akasema babake alijaribu kumsimulia hiyo hadithi mara nyingi, na kila mara yeye alikuwa akitoka chumbani.

"Yeye hakukwambia uje uwanjani?" Mwatime alimuuliza.

"Kila Jumapili," alisema Noreen. "Sikwenda hata moja."

Hapo macho yale makavu yakaja kujaa. Noreen akavua viatu vyake vya visigino, akaviacha kwenye majani, akanyoosha mkono. Mwatime akakimbia garini kumletea jezi.

Vital akawapanga kwa vimo kama anavyopanga ukuta wa kuzuia mpira wa adhabu. Mwatime na Omer wafupi wakakaa mbele, Noreen na Zaid katikati, Shamsudin na yeye Vital nyuma. Kijana wa suti aliwahesabu, akalivuta toroli kando. Akainamisha kichwa.

Wakainua. Yarabi, uzito ule! Mzee mwenyewe alikuwa amekonda, lakini mbao zilikuwa za Wazungu, nene, na shaba pembeni. Ukingo ulimkaba Mwatime kati ya shingo na bega, buibui likamtega miguuni, akalikusanya kwa mkono mmoja. Nyuma yake alisikia pumzi za Noreen, na mbele yake hapakuwa na mtu, njia tupu ya changarawe na hema la kaburini kule mwisho. Hajawahi kuwa mbele ya jeneza. Alikuwa akilia kwa sauti na hakujali.

Katikati ya njia hatua zake zikaanza kuyumba. Vital aliliona, akaita kutoka nyuma kwa Kiswahili cha kwao.

"Mama, iko muzito. Tutue kidogo?"

Kwao Mombasa wangekuwepo watu wa kupokezana, kila mtu anagombea kuliweka bega lake, mpaka aliyebeba anafukuzwa. Hapa hapakuwa na wa kumpokea. Wakilitua, mabega yale hayatalinyanyua tena, na kijana wa suti alikuwa anawafuata taratibu na toroli lake.

"Twende," alisema Mwatime. "Wasitutazame tumetua."

Wakaenda. Wale wazee waliokuja na Noreen walisimama pande mbili, mmoja akavua kofia, mwingine akaanza kuimba kitu cha kwao kwa sauti mbovu. Goti la Shamsudin lilikuwa likilia kwa kila hatua na hakulitaja. Walifika kwenye hema, wakalishusha juu ya kamba zilizotandazwa mdomoni mwa kaburi, pole, pole, mpaka likakaa. Mkono wa Mwatime wa kulia ulikuwa umekufa ganzi.

Halafu kila mtu akarudi nyuma, na yeye naye akageuka, miguu yenyewe ikielekea garini, kwa mazoea. Shamsudin alikuwa amesimama ukingoni mwa kaburi. Alimwona anaondoka, akasogea hatua moja pembeni, akampisha.

"Njoo, Mama Yumna," alisema. "Njoo umzike mzee wako."