Orodha ya Shangazi Ardith

Kila asubuhi, kabla hajavaa soksi, shangazi yangu Ardith Pasichnyk alifungua kompyuta na kuisoma tovuti yake yote, toka juu hadi chini, kidole kikitembea kwenye kioo. Haikuwa na jipya. Mwenyewe ndiye aliyeiandika, na jana yake alikuwa ameisoma. Lakini aliisoma tena, kama mtu anayekagua kuku wake bandani, ndipo akaenda kuchemsha kahawa.

Ilikuwa tovuti ya karamu ya vuli ya ukumbi wetu wa Dunleath. Mavuno yakishaingia ghalani, kila mji mdogo huku Saskatchewan unapika bata mzinga na kualika majirani, na kila mwanamke ana chakula chake. Ukiwa mtu wa piroji, zile sambusa za viazi za kuchemshwa, ni wewe tu mpaka ufe. Mwingine akileta piroji, watu hawatamsalimia hadi Krismasi. Ardith ndiye aliyetunza orodha ya vyakula kwenye tovuti, miaka kumi na saba. Jina la aliye hai aliliandika kwa herufi nene. Aliyefariki hakumfuta. Jina lake aliliinamisha, kwa herufi za mlazo, likabaki palepale na chakula chake mpaka watu wa nyumba yake waseme nani akichukue. Kanuni hiyo haikuandikwa popote. Watu waliijua kwa kuona tu.

Mwezi Juni, kijana wa Friesen wa ghala la nafaka akaoa. Bibi harusi, Corinna, alikuwa amejifunza kutengeneza tovuti kule Regina. Shangazi alizisikia habari posta, kutoka kwa Orest Buchko, mwenyekiti wa kamati ya karamu.

"Ardith, mama, umesikia? Tunapata tovuti mpya. Itafunguka hata kwenye simu."

"Yangu ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Ila ile rangi ya zambarau, mwenzangu! Mke wangu akiifungua machozi yanamtoka, mimi nadhani tumefiwa."

Watu wakacheka. Shangazi naye akacheka. Alipofika nyumbani aliipiga teke ndoo ya maganda ikavuka jiko zima, halafu akapiga magoti kuyaokota maganda moja moja, hataki nimsaidie.

Tangu siku hiyo akawa anahesabu mara ngapi jina la Corinna linatajwa. Duka la ushirika, mara nne. Kanisani, mara saba, na moja ilikuwa kwenye sala. "Mimi niliombewa lini?" aliniuliza. "Nilipovunjika nyonga tu."

Septemba wakakutana maktaba ili Corinna ahamishe kurasa. Corinna alikuja na chupa ya kahawa, imejaa maziwa, kijiko kimoja cha sukari.

"Ndivyo unavyoipenda, shangazi, eti?"

"Nani kakwambia?"

"Niliuliza watu."

Shangazi hakuigusa mpaka ikapoa.

Corinna alikuwa na mikono myepesi. Alinakili ukurasa mzima wa orodha, akaubandika kwenye tovuti mpya, na maandishi yakatawanyika, mengine makubwa kama ya duka, mengine hayasomeki. Akaguna, akafuta.

"Unaona? Nikiubandika ukurasa ulivyo, unakuja na takataka zote zilizojificha humo ndani. Nitabandika maneno matupu. Mapambo nitayaweka upya mwenyewe."

Akabonyeza. Orodha ikatokea safi, majina yote sawasawa, hakuna nene, hakuna la mlazo. Katikati ya walio hai lilisimama wima jina la Pearl Danyluk, na pai zake nane za matunda ya saskatuni. Pearl tulimzika Machi. Corinna alikuwa hajafika mjini wakati huo.

"Hizi ulizonenepesha na hizi ulizolaza," Corinna akauliza, "zina maana yoyote, au ni urembo?"

Mimi nilikuwa meza ya pili na gazeti. Nilimwona shangazi akilitazama jina la Pearl. Walikuwa wamecheza karata pamoja kila Alhamisi kwa miaka thelathini.

"Urembo tu," akasema.

Garini aliwasha kipasha joto ingawa hakukuwa na baridi.

"Wataniita," aliniambia. "Utaona. Itaharibika kitu, na watakuja mlangoni kunibembeleza, na yeye atasimama nyuma yao ameshika vidole vyake."

"Si ungemwambia leo?"

"Nikimwambia, tovuti yake itakuwa imeishinda yangu kwa kila kitu. Niachie hata hiki kimoja."

Tovuti mpya haikuonyesha orodha nzima. Kila mtu aliona cha kwake tu, na siku kumi kabla ya karamu ikamtumia kila mmoja ujumbe kwa jina lake, kwa zile anwani za barua pepe zilizotoka kwenye tovuti ya zamani. Shangazi alikaa karibu na simu. Aliyepiga ni Doreen wa viazi, kusifu. "Imeniita Doreen kabisa! Imeniambia na idadi ya sufuria! Ardith, huyu mtoto alikuwa wapi siku zote?"

"Alikuwa Regina," shangazi akamjibu, akakata.

Jumapili, saa tisa na nusu alasiri, tulikuwa jikoni ukumbini tukikata nyama wakati mlango uliposukumwa kwa goti. Aliingia mzee Metro Danyluk, mumewe Pearl, amebeba boksi kubwa la mbegu za kanola. Ndani yake mlikuwa na pai nane. Kingo zilikuwa nyeusi, na moja ilikuwa imebonyea kama kofia iliyokaliwa. Chini ya kila sahani ya bati kulikuwa na kipande cha utepe chenye jina la Pearl, kwa mwandiko wake Pearl.

"Mmemwandikia," Metro akasema. "Pai nane, Jumapili, saa kumi. Sikutaka aonekane hakuleta. Zilikuwa kumi na mbili, ila nne za kwanza hata mbwa alizipa mgongo."

Kisu cha Doreen kikasimama ndani ya nyama. Corinna alishika meza.

"Pearl ni… Mungu wangu. Mzee, mimi sikujua. Majina yote yalikuwa sawa." Akageuka. "Shangazi Ardith, nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Na ulikuwa unajua?" Orest akadakia.

"Nilikuwa najua."

Alisema bila kuinua sauti, na macho yake hayakuwa kwa Orest. Yalikuwa kwa Metro. Nadhani alikuwa akingoja mzee ampigie Corinna kelele. Hilo tu ndilo alilokuwa amebakiza.

Metro aliliweka boksi chini, akamshika Corinna mkono.

"Usilie, binti. Tangu Machi watu wananikwepa dukani kama nina upele. Hakuna anayelitaja jina lake mbele yangu. Wewe umemwita aje na pai zake. Nimeshinda siku tatu na daftari lake la mapishi, unga mpaka masikioni. Mwakani mwandikie tena, umesikia?"

Miezi sita shangazi alikuwa ameliinamisha jina la Pearl kwa mkono wake, na kila asubuhi alilikagua kama lipo. Metro hakuwahi kumwambia neno. Nilimwona shangazi akizitazama zile kingo zilizoungua kana kwamba shukrani zile zilistahili kuwa zake.

Akafungua aproni, akaiweka juu ya meza.

"Utarudi na Orest," akaniambia.

"Na wewe?"

Alipita katikati ya watu walioshika tiketi zao, wengine wakimwambia "Ardith, harufu nzuri hiyo!" maana hawakuwa wamesikia lolote. Akatoka. Gari likawaka. Doreen alimpakulia sahani, akaifunika na sahani nyingine, akaiweka kando ya jiko ipate joto.

Hakurudi siku hiyo, wala kwenye karamu yoyote iliyofuata.